Mgonjwa Asingoje Mpaka Alie

Muulize mtu wa Mombasa mwenye saratani, "Umeamkaje?" Atakujibu, "Alhamdulillahi." Mama wa kitanda cha pili, Mkristo, atasema, "Namshukuru Mungu." Na wote wawili huenda hawakupata hata lepe la usingizi usiku kucha. Adabu ya kwetu haimruhusu mtu kumwagia mwenziwe shida zake kabla salamu hazijakwisha, na mzee aliyelelewa kwa stahamala huona haya kumwambia muuguzi wa umri wa bintiye kwamba nyonga imemshinda. Muuguzi akitosheka na jibu la salamu, ataandika kwenye faili "mgonjwa ametulia", na mgonjwa ataendelea kuuma meno mpaka zamu ya pili.

Mimi ni muuguzi. Nilianzia wodini, kisha nikasomea tiba shufaa, ile huduma ya kumtunza mwenye ugonjwa mkubwa asiteseke, awe atapona au hatapona. Wagonjwa wangu wengi wana saratani: ya titi, ya shingo ya kizazi, ya umio, ya tezi dume. Nimezunguka na mkoba wangu Majengo, Kisauni, Mikindani, nimevuka feri Likoni asubuhi na kurudi jioni. Na katika yote niliyoyaona, hili ndilo ninalolishikilia: maumivu mengi ya saratani yanatulizika, tena kwa dawa ambazo hazikushinda uwezo wa hospitali zetu, na mara nyingi anayeamua kama yatatulia ni yule muuguzi aliye karibu na kitanda. Daktari huandika dozi akaenda kwa mgonjwa mwingine. Saa nane za usiku, tunaobaki na mgonjwa ni sisi.

Kwa hiyo namaliza salamu zote, sizikati, kisha navuta kiti na kuanza upya. "Usiku ulilala ubavu gani, mama? Ulipogeuka ilikuwaje? Chooni ulikwenda mwenyewe au ulishikwa mkono?" Anayesema haumwi kitu, na wiki nzima hajaweza kulala chali, ameshanijibu. Halafu nanyanyua mkono wangu mbele yake. Ngumi ni hakuna maumivu. Kidole kimoja ni kidogo tu. Vidole vitano ni maumivu ambayo hajawahi kuyaona maishani. Kipimo hiki cha mkono hutumika sana katika tiba shufaa hapa Afrika, kwa kuwa hakitaki mtu ajue kusoma wala kuhesabu. Nimemwona bibi aliyekuwa akinishukuru na kunitakia heri kwa dakika nzima akinyanyua vidole vinne bila kusita. Mdomo ulikuwa na adabu zake, mkono ukasema kweli. Watoto nawaonyesha picha za nyuso, kuanzia uso unaocheka hadi unaolia, nao huchagua wao.

Nikishajua ukubwa nauliza maumivu yenyewe yakoje, na jibu naliandika kwa maneno yaleyale aliyoyatumia. Mmoja atasema yanapwita. Mwingine tumbo lamnyonga, linaachia, linanyonga tena. Mwingine atasema mguu wawaka moto, kisha unapigwa na umeme, kisha unakufa ganzi. Usiyafupishe hayo yote yakawa "analalamika maumivu". Moto na umeme na ganzi humwambia daktari kwamba neva imeguswa, na huenda mgonjwa akahitaji amitriptilini kidogo usiku au gabapentini juu ya dawa aliyo nayo. Tumbo linalonyonga na kuachia lina dawa yake. Mfupa unaouma mtu akikanyaga chini husaidiwa na dawa za jamii ya ibuprofeni, ikiwa figo na tumbo vinaruhusu, na mionzi huutuliza vizuri sana. Siku hizi mionzi inapatikana hapa Mombasa. Wakubwa wetu wanakumbuka wakati mgonjwa wa Pwani wa hospitali ya umma alipokuwa akipakiwa basi, na mfupa wake uliooza, kilomita karibu 480 hadi Hospitali ya Kenyatta kule Nairobi kufuata mashine.

Mwaka 1968 muuguzi wa Kimarekani, Margo McCaffery, aliandika kwamba maumivu ni yale anayoyasema mwenye kuyahisi, na yapo wakati wowote anaposema yapo. Hilo aliliandika muuguzi, na mimi naona fahari kwa hilo. Wodini kwetu nimewahi kusikia, "Huyu wa dirishani anadeka tu, ametoka kupata dawa sasa hivi." Adeke kwa nini? Mtu aliyeacha nyumba yake, watoto wake na biashara yake ya mahamri akaja kulala kwenye godoro la plastiki hakuja kutafuta deko. Akisema dawa haikumtosha, haikumtosha.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu ya saratani, maarufu kama ngazi ya vidato vitatu: chini parasetamoli na wenzake, katikati kodeini iliyo kali kidogo, juu mofini iliyo kali zaidi. Mwongozo wa mwaka 2018 hausisitizi tena kupanda kidato kimoja kimoja. Mwenye maumivu makali aweza kuanzishiwa dawa kali palepale. Lakini lililobaki vilevile tangu mwanzo ni kwamba dawa itolewe kwa mdomo mgonjwa akiweza kumeza, na itolewe kwa saa zilizopangwa.

Hilo la saa ndilo ninaloligombania mpaka leo. Kwenye karatasi ya dawa utakuta pameandikwa "apewe akihitaji", basi. Maana yake ni kwamba mgonjwa aumwe kwanza, avumilie kwa haya, ashindwe, aite. Usiku muuguzi mmoja yuko kwa mama anayetapika, mwingine anapokea mgonjwa mpya. Mofini iko kwenye kabati lenye kufuli mbili, ufunguo unatafutwa, rejista inafunguliwa, chupa inapimwa, wanasaini wawili. Dawa ikifika mdomoni itachukua kama nusu saa kuanza kufanya kazi. Kwa muda wote huo mtu yule yuko pale, na akisinzia hatimaye, atazinduliwa na maumivu yaleyale, aanze kuomba upya. Moto wa makuti ukiuwahi ungali cheche, ndoo moja yatosha; ukiungoja ushike paa, hata kisima hakitoshi. Mofini ya maji hukaa mwilini kama saa nne. Basi itolewe kila baada ya saa nne, mgonjwa alie asilie, na "akihitaji" iwe ni nyongeza ya maumivu yatakayochomoza katikati. Kila nyongeza iandikwe, kwa kuwa daktari atazijumlisha kesho na kupandisha dozi ya msingi. Nyongeza isiyoandikwa haikumsaidia mgonjwa wa kesho.

Pwani tuna donda letu, na huwezi kuitaja mofini hapa bila kuligusa. Tangu miaka ya 1980 unga, yaani heroini, umeingia mitaani mwetu na umetuzikisha vijana wengi. Kila mtaa una mateja wake wanaojulikana kwa majina na kwa mama zao. Zipo kliniki za methadoni Pwani, dawa ya kuwaachisha unga, na kila asubuhi vijana wanapanga foleni pale wakijaribu kurudi kwenye maisha. Kwa hiyo familia ikisikia neno mofini haiwazi dawa. Inamwona yule kijana aliyelala chini ya ukuta.

Mama mmoja wa Kisauni alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Maumivu yalianzia kiunoni yakashuka na paja mpaka kisiginoni, na vidole vyake vilikuwa vitano kila nilipomtembelea. Daktari alikwishaandika mofini. Chupa ilikuwa juu ya meza ya kioo imefunikwa na kitambaa, haijafunguliwa. Nilipouliza, alinitazama usoni. "Mwanangu, hii si ndugu ya unga? Kifungua mimba wangu nimemzika kwa hiyo. Na mimi wataka nizikwe nayo?"

Nilijua kwamba nikimdanganya hapo nimempoteza. Nikamwambia ndiyo, ni ukoo mmoja, zote asili yake ni afyuni. Kisha nikaketi chini kwenye mkeka, maana yeye kwenye kiti hakuweza. Nikamwambia mwanawe alikuwa akifuata ule ulevi wa ghafla unaopanda kichwani, na yeye anachokifuata ni usingizi. Dozi yake inapimwa, inakwenda tumboni, inapanda polepole na kushuka polepole. Mtu anayetumia mofini kwa maumivu ya saratani, kwa kipimo na kwa saa, si kawaida yake kugeuka teja. Ni kweli mwili huizoea, ndiyo maana haikatwi siku moja. Mionzi ikipunguza uvimbe tunaishusha kidogo kidogo mpaka tunaiacha, na nimeshuhudia wagonjwa wakiiacha. Kuhusu kusinzia, nilimwambia kweli pia: siku mbili tatu za kwanza atalala sana, wasishtuke, maana pamoja na dawa kuna deni la usingizi la wiki nyingi. Kichefuchefu chaweza kuja nacho, na kikija tunayo dawa yake.

Alinisikiliza, akamtazama binti yake, kisha akasema jambo ambalo katika kozi hakuna aliyenifundisha. "Na huyu mdogo wangu je? Akiijua?" Mtoto wake wa mwisho alikuwa akitumia. Alikuwa akilala chumba cha uani.

Tulilipanga papo hapo, sisi watatu. Kulikuwa na kasha la zamani la mbao lenye vichwa vya misumari ya shaba, alilopewa alipoolewa, na kufuli yake ilikuwa ikifanya kazi bado. Chupa ikaingia humo chini ya leso. Ufunguo ukafungwa kwenye pindo la leso aliyojifunga mama mwenyewe, na binti ndiye atakayeuchukua saa ya dawa na kuurudisha. Binti nikamfundisha kuvuta dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, asome mstari jicho likiwa sawa na maji, asikisie kwa kijiko cha chai. Nilichora mstari wa wino kwenye chupa kuonyesha dawa ilipofikia, na kila nilipokwenda nilichora mwingine. Haukuwahi kupishana na hesabu.

Wiki iliyofuata nilimkuta barazani, amekaa, miguu ameinyoosha, anachambua mchele kwenye ungo. Vidole vyake vilikuwa viwili.

Sisi wahudumu wa afya tunaiogopa mofini pia, tena kwa sababu tunazojificha nyuma yake. Sheria ya dawa za kulevya ya Kenya ya mwaka 1994 ni kali, na ni haki iwe kali, lakini mtu akiona kazi ya kufuli na rejista anaona bora atoe dawa nyepesi. Tena tunaogopa pumzi. Ndiyo, mofini ikizidi inapunguza pumzi. Lakini haiji ghafla kwa mtu anayepandishiwa dozi hatua kwa hatua: kabla ya pumzi kupungua mgonjwa huanza kulemewa na usingizi, humwamshi vizuri, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya kalamu. Muuguzi anayemtazama mgonjwa wake ataliona hilo mapema, atazuia dozi na kumwita daktari, na dawa ya kuitangua mofini, naloksoni, ipo. Mwenye figo dhaifu namwangalia kwa macho mawili, kwani dawa hujilimbikiza kwake. Hayo ni mambo ya kujifunza na kuyafanyia kazi. Hayatoshi kuwa sababu ya kumwacha mtu akilia.

Jirani zetu Uganda walitutangulia. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, shirika la tiba shufaa, mwaka 1993, mofini ya maji ikawa inachanganywa hukohuko, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa wameruhusiwa kisheria kuiandika. Nikiwaza usiku niliokaa na mgonjwa nikingoja sahihi ya mtu aliye ng'ambo ya daraja la Nyali kwenye foleni ya magari, sielewi kwa nini muuguzi aliyesomea kazi hii asiaminiwe kalamu.

Nyumbani kwa mgonjwa ndiko unakojua kama maelekezo yako yalieleweka. Familia moja ya Mji wa Kale ilinieleza kwa furaha kwamba hawasahau dozi hata moja, kwa sababu wanafuata adhana: tano kwa siku, na dozi ni tano. Nia ilikuwa njema sana. Lakini kati ya alfajiri na adhuhuri ni zaidi ya saa saba, na kati ya magharibi na isha ni saa moja na ushei. Mgonjwa alikuwa akipandwa na maumivu kila asubuhi, na kila usiku akilala fofofo mpaka wanaogopa. Saa zenyewe ni rahisi kuliko adhana, nikawaimbisha kama watoto wa chuoni: kumi na mbili, nne, nane, kumi na mbili, nne. Ile ya saa nne ya usiku ni maradufu, ikiwa daktari ameiandika hivyo, ili mgonjwa na anayemuuguza wote walale mpaka alfajiri. Mjukuu akaiweka kengele kwenye simu.

Jingine ni choo. Hili halina haya. Mofini inafunga choo, kwa kila mtu karibu, na tofauti na usingizi na kichefuchefu, hili mwili hauzoei. Dawa ya kulainisha choo iandikwe siku ileile mofini inapoandikwa. Nimewakuta watu waliojiachisha mofini wakisema haipatani nao, kumbe wana siku nyingi hawajaenda haja na tumbo ndilo linalouma sasa, na kumwambia kijana wa kiume anayewauguza wameona aibu. Mimi nauliza kila ziara, waziwazi, na mapapai na maji nayataja, lakini siyaachii kazi peke yake.

Mwezi wa Ramadhani huja na maswali yake. Mzee amefunga tangu utotoni, leo umwambie ale mchana kwa ajili ya chupa? Aya iko katika Suratul Baqara, mgonjwa ameruhusiwa kufungua, na asiyetarajia kupona ana fidia ya kulisha maskini. Lakini maneno hayo si mimi wa kuyasema. Naomba familia imwite imamu wa mtaa wao, na imamu akishakaa na mgonjwa mara nyingi jambo linatulia. Akishikilia kufunga, namweleza daktari mapema, kabla mwezi haujaandama: kwa ambaye dozi yake imeshatulia vipo vidonge vinavyoyeyuka polepole, na upo utepe wa fentanili, dawa nyingine kali ya maumivu, unaobandikwa kwenye ngozi na kukaa siku tatu. Ule wa kubandika una hatari ambayo joto la Mombasa linaizidisha. Ngozi ikipata moto, dawa hupenya kwa wingi. Kwa hiyo wasimkande kwa maji moto hapo ulipobandikwa, na sisi kukanda ndiyo tiba yetu ya kwanza. Akipata homa wapige simu. Na ukibanduliwa ukunjwe gundi kwa gundi, usitupwe mahali mtoto atauokota.

Kombe nalo silikatazi. Familia ikichora aya kwa zafarani kwenye sahani, ikaosha na kumnywesha mgonjwa, sijaona lilipomdhuru. Ninachoomba ni kwamba lisiwe badala ya dozi.

Kuna maumivu tunayoyatengeneza sisi. Kumfungua mtu kidonda cha titi kwa kuvuta bandeji iliyokauka ni kumtesa, hata kama una haraka na wagonjwa ni wengi. Mpe dozi yake ya nyongeza nusu saa kabla. Lowesha bandeji kwa maji ya chumvi ya vuguvugu mpaka iachie yenyewe. Nilimhudumia mwanamke aliyekuwa msusi na mpambaji wa maharusi, mikono yake imewapaka hina nusu ya mtaa, na alikuwa amejifungia chumbani miezi akikataa wageni kwa sababu ya harufu ya kidonda. Harufu ile ni ya bakteria wanaokaa kwenye nyama iliyokufa. Vidonge vya metronidazoli vikasagwa vikawa unga, ukanyunyizwa juu ya kidonda kila tulipokisafisha, na baada ya siku kadhaa ikapungua sana. Kisha akaagiza chetezo. Udi ukafukizwa, mlango ukafunguliwa, mashoga zake wakaingia. Siku hiyo alikunywa dozi zilezile za jana, lakini nyongeza hakuomba hata moja.

Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's, hospisi ya kuwatunza wagonjwa walio mwishoni mwa maisha, huko London mwaka 1967, alianza kama muuguzi kabla ya kuwa daktari, na alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa mahututi yana pande nyingi: mwili, moyo, jamaa, imani. Mimi nilikuja kulielewa kwa mzee mmoja wa Likoni, aliyekuwa kuli bandarini ujana wake wote. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeingia mifupani. Mchana alikuwa vidole viwili. Jua likitua, vitano. Dozi ilipandishwa, ikapandishwa tena, na bado magharibi ilikuwa balaa. Nikaamua kwenda jioni, nikakaa. Hakuzungumzia mgongo. Alizungumzia nyumba. Nyumba ilikuwa yake, ardhi ya mtu mwingine, kama zilivyo nyumba nyingi za Mombasa, na kila jioni watoto wakirudi kazini alikuwa akiwasikia upande wa pili wa ukuta wakibishana nani atabaki na nini. Alikuwa na binti mmoja aliyeachika ambaye hakuwa na pa kwenda. Mzee alitaka kuandika wasia na hakuna aliyethubutu kumletea karatasi, kwani kuleta karatasi ni kama kumwambia wakati wako umefika.

Nilimwambia mkubwa wa watoto. Shekhe wao akaja, mashahidi wakaja, ikaandikwa. Mofini aliendelea nayo, mfupa ni mfupa, lakini dozi ile iliyokuwa haimtoshi magharibi ikaanza kumtosha.

Mzee huyohuyo, majuma kadhaa baadaye, nilikuwa namwosha miguu. Akaniuliza, "Umeshaanza?" Mkono wangu ulikuwa juu ya unyayo wake. Nikampapasa mguu mpaka gotini, hasikii vizuri, na mkewe akasema tangu jana miguu yake ni mizito na mkojo unatoka kwa taabu. Mgonjwa ambaye saratani imeingia mifupa ya mgongo akianza hivyo, huenda uti wa mgongo unabanwa, na ni jambo la saa, halingoji kliniki ya Alhamisi. Nilimpigia daktari nikiwa palepale, tukavuka feri jioni ile, akaanzishiwa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, usiku uleule na mionzi ikafuata. Alibaki akitembea kwa mkongojo. Wengi hawakujaliwa hivyo, na sababu ni kwamba aliyewaosha miguu hakujua anachokitafuta.

Mwisho unapokaribia mgonjwa haongei tena na vidole havinyanyui. Hapo ndipo dozi husimamishwa kimakosa, watu wakidhani ametulia. Natazama paji la uso kama limekunjamana, natazama mikono kama inashika shuka, nasikiliza anapogeuzwa. Asiyeweza kumeza hutiliwa dawa kidogo kidogo ndani ya shavu au kwa njia nyingine aliyoichagua daktari, kwa saa zilezile. Na anayempa ni mtoto wake, au mkewe, kwa mkono unaotetemeka. Baada ya arobaini binti mmoja alinifuata mpaka kazini. Alitaka kujua kama ile dawa ya saa nane aliyompa mamake, naye akakata roho kabla ya alasiri, ndiyo iliyomuua. Nilimwonyesha kwenye daftari: dozi ya siku ile ilikuwa ileile ya wiki mbili zilizotangulia, ileile iliyomfanya mama aweze kuoshwa na kusomewa Yasini bila kupiga kelele. Ugonjwa ndio uliomchukua. Alilia sana, kisha akauliza kama angeweza kulichukua daftari.

Siku hizi mazungumzo hayo nayafanya mapema, mgonjwa angali anazungumza, na anayetoa dawa akiwa amekaa nami. Namwambia siku moja dozi moja itakuwa ya mwisho, kwa kuwa lazima iwepo ya mwisho, na aendelee kutoa kwa saa.